Nairobi hadi New York: Kilomita Ngapi, Masaa Mangapi, na Kwa Nini Tiketi Inaonyesha Masaa 7 Tu

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) jijini Nairobi hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK) jijini New York ni takribani kilomita 11,830 kwa mstari mfupi zaidi wa angani. Kwa maili ni kama 7,350. Ndege inayokwenda moja kwa moja bila kutua popote hutumia karibu masaa 15 kwenda, na masaa 14 hadi 14 na nusu kurudi.

Hilo ndilo jibu la haraka. Shida huanza pale mtu anapofungua tiketi kwenye simu na kuona namba ambazo hazifanani kabisa na hayo masaa 15.

Safari hii ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipopeleka Boeing 787 Dreamliner yenye viti 234, marubani 4 na wahudumu 12. Ratiba iliyotangazwa wakati ule ilisema hivi: ndege inaondoka Nairobi 23:25, inatua New York 06:25 siku inayofuata. Kurudi, inaondoka New York 12:25, inatua Nairobi 10:55 siku inayofuata.

Sasa piga hesabu ya haraka. Kutoka 23:25 hadi 06:25 ni masaa 7. Kurudi, kutoka 12:25 hadi 10:55 ni masaa 22 na nusu. Yaani kwenda masaa 7, kurudi masaa 22? Ndege ile ile, njia ile ile?

Masaa 7 yasiyokuwepo

Jibu ni kwamba tiketi huandika saa za mahali. Muda wa kuondoka ni saa ya Nairobi, muda wa kutua ni saa ya New York. Na saa hizo mbili hazilingani.

Kenya, Tanzania na Uganda ziko masaa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, mwaka mzima. New York hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko masaa 8 nyuma ya Nairobi. Miezi iliyobaki iko masaa 7 nyuma.

Kwa hiyo chukua mwezi wa Desemba. Ndege inatua New York 06:25, saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi ya kule. Wakati huohuo Nairobi ni 14:25, saa nane na dakika 25 mchana. Abiria aliondoka saa tano na dakika 25 usiku. Hesabu kwa saa ya nyumbani: ni masaa 15 kamili.

Kanuni ni rahisi. Ukienda magharibi, chukua muda unaouona kwenye tiketi, ongeza tofauti ya saa: 7 jumlisha 8 ni 15. Ukirudi mashariki, ondoa: 22 na nusu toa 8 ni 14 na nusu. Kanuni hii inafanya kazi kwa safari nyingi duniani, Dar kwenda Istanbul au Mombasa kwenda Toronto, mradi ujue tofauti ya saa ya siku hiyo.

Siku hiyo, kwa sababu mwezi Machi na Novemba watu wengi huchanganyikiwa. Saa ya Nairobi haijasogea, lakini ya New York imesogea lisaa limoja. Aliyezoea kumpigia mwanawe simu saa mbili usiku wa Nairobi na kumpata saa sita mchana wa kule, ghafla anampata saa saba, mapumziko ya chakula yamekwisha.

Usiku upi hasa?

Hapa ndipo watu wanapoachwa na ndege, na hasara yake si ndogo. Tiketi ya bei nafuu, usipotokea, mara nyingi hairudishiwi pesa, na wakati mwingine hata safari ya kurudi inafutwa pamoja na ya kwenda.

Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Afrika Mashariki usiku. Mfano, tiketi imeandikwa: Jumapili tarehe 14, 00:40. Kwa mazungumzo ya kawaida mjini, huo ni "usiku wa Jumamosi", saa sita na dakika 40. Abiria anatakiwa awe uwanjani Jumamosi tarehe 13, saa tatu hadi saa nne usiku. Anayesoma "Jumapili" akaenda na begi lake Jumapili usiku atakuta ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita.

Ajabu ni kwamba hesabu ya zamani ya Waswahili wa pwani ingemwokoa. Katika hesabu ile siku huanza jua linapozama, si saa sita ya usiku. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hiyo mzee wa Lamu au Unguja akisikia "usiku wa Jumapili" anafikiria usiku unaoingia Jumamosi jioni, na anakuwa sahihi kabisa kwa tiketi ya 00:40. Kwa tiketi ya 23:25 hesabu hiyohiyo itamkosesha, maana hapo tarehe haijageuka bado.

Njia salama ni kusema "usiku wa kuamkia Jumapili". Hapo hakuna wa kubishana naye. Ukimwagiza dereva wa teksi au ndugu wa kukupeleka, mwambie hivyo, kisha mtajie na tarehe ya kutoka nyumbani, sio tarehe ya ndege.

Mtego mwingine ni tofauti ya masaa 6 kati ya saa ya Kiswahili na saa ya tiketi. Kwenye tiketi 07:00 ni saa moja asubuhi, sio saa saba. Na mtu akikwambia kwa simu "ndege ni saa saba usiku", tiketi itasoma 01:00, tena tarehe ya siku inayofuata. Wanaokosea sana si wageni, ni sisi wenye saa mbili kichwani. Kabla ya kumtumia mzazi ujumbe wa safari, andika yote mawili: 23:25, yaani saa tano na dakika 25 usiku.

Mstari unapita wapi

Ukitazama ramani ya ukutani utadhani ndege inakata Afrika ya kati, inatokea Atlantiki, halafu inapanda kaskazini kuelekea Marekani. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi juu ya mviringo haifanani na mstari wa rula kwenye karatasi. Chukua tufe la shuleni, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili, utaona.

Uzi huo unatoka Nairobi ukielekea kaskazini magharibi. Unapita karibu na Eldoret, unaingia Uganda upande wa Lira, unakwenda Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, halafu Chad, kaskazini ya Niger, jangwa la Sahara upande wa Algeria, na kutokea Morocco karibu na Marrakech. Baada ya hapo ni bahari tupu, isipokuwa visiwa vya Azores vya Ureno ambavyo vimekaa karibu kabisa chini ya mstari huo. Kisha New York.

Zile kilomita 11,830 ni za uzi huu. Ndege halisi haiufuati mguu kwa mguu. Marubani na wapangaji wa safari hukwepa anga zenye vita, hukwepa dhoruba, na hutafuta upepo mzuri. Ndege ikipinda, kilomita zinaongezeka. Ndiyo maana kwenye kioo kilicho mbele ya kiti abiria anaweza kuona umbali tofauti na ule alioupata mtandaoni, na wote wawili wakawa sahihi.

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi

Dreamliner ikiwa juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,830 kwa 900, unapata masaa 13 na dakika chache. Mbona basi ratiba inasema 15?

Kwanza, ratiba haianzi magurudumu yanapoacha lami. Inaanza ndege inaporudishwa nyuma kutoka mlangoni, na inaisha inaposimama mlangoni upande wa pili. Katikati kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda taratibu ikiwa nzito, na kule JFK, kuzungushwa angani kama uwanja umejaa. Mashirika pia huacha dakika za akiba ili ndege isihesabiwe imechelewa.

Pili ni upepo. Juu kabisa, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Juu ya Atlantiki ya kaskazini wakati wa baridi mikondo hiyo inaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda New York inaupokea upepo usoni. Ukipunguza hata kilomita 60 tu kwenye wastani wa mwendo, zile 900 zinakuwa 840, na safari inaongezeka kwa karibu lisaa. Kurudi, upepo uleule unasukuma mkia.

Kwa hiyo ukisoma kwamba ndege imefika dakika 40 kabla ya wakati, rubani hakukimbia. Amebebwa.

Nairobi iko juu, na hilo lina gharama

JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. JFK iko kando ya maji, mita chache tu. Tofauti hii abiria haioni, lakini ndiyo inayowaumiza vichwa wanaopanga safari.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kulibeba, na injini inapata hewa kidogo ya kuchoma mafuta. Ndege yenye uzito uleule inahitaji kukimbia kasi zaidi na kwa umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na hiyo inasaidia. Lakini ndege inayokwenda masaa 15 lazima ibebe mafuta mengi sana. Matangi ya Boeing 787-8 yakijaa ni karibu lita 126,000, uzito wa tani 100 kwa mafuta peke yake.

Hapo kuna kuchagua: mafuta, watu au mizigo. Mafuta hayapunguziki, kwa hiyo kinachobanwa ni mizigo na wakati mwingine viti. Kuondoka usiku kunasaidia pia, maana hewa ya baridi ni nzito kuliko ya jua la mchana na inabeba vizuri zaidi. Kutoka New York, kwenye usawa wa bahari na upepo ukiwa nyuma, ndege ileile inapumua kidogo.

Umbali pekee haukuwa kikwazo cha safari hii kwa miaka yote kabla ya 2018. Ili shirika la Kenya liruhusiwe kuruka lenyewe hadi Marekani, mamlaka ya anga ya huko, FAA, ilibidi kwanza iithibitishe Kenya kwamba usimamizi wake wa usalama wa ndege uko daraja la kwanza. Kibali hicho kilitoka Februari 2017. Mwaka 2020 korona ilisimamisha safari, kisha zikarejea. Siku za wiki na saa za kuondoka hubadilika kila msimu, kwa hiyo zile 23:25 na 12:25 zichukue kama mfano wa hesabu, na ratiba ya siku yako iangalie kwa shirika lenyewe.

Ukipitia kwingine

Wengi hawapandi ya moja kwa moja. Bei inawasukuma Dubai, Doha, Addis Ababa, London, Amsterdam, Paris au Istanbul. Hakuna ubaya, ila ujue unanunua nini.

Kupitia London ni kilomita kama 12,400 kwa jumla, zaidi ya moja kwa moja kwa 550 hivi tu, kwa sababu London haiko mbali sana na njia. Masaa ya angani ni karibu 17: tisa hadi London, nane hadi New York. Kupitia Dubai ni zaidi ya kilomita 14,500, maana unaanza kwa kwenda mashariki wakati unakoenda ni magharibi. Angani ni karibu masaa 19, matano ya kwanza na 14 ya pili. Juu ya hayo weka kusubiri, ambako kunaweza kuwa masaa 2 au 20. Tiketi rahisi sana ikikutokea kwenye simu, usiangalie bei kabla ya kuangalia mstari mdogo unaosema muda wote wa safari.

Kwa anayetoka Dar es Salaam hesabu ni nzuri kuliko anavyodhani. Dar hadi New York kwa mstari mfupi ni kama kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi unafika 12,500. Ni kama Nairobi imekaa njiani. Anayetoka Entebbe au Kigali, yeye anarudi mashariki kwanza ndipo aanze safari, na kwake Ulaya au Addis inaweza kuwa na maana zaidi.

Kuna jambo la viza ambalo halionekani kwenye umbali. Nchi nyingine zinadai kibali hata kwa mtu anayebadilisha ndege tu bila kutoka nje ya uwanja. Raia wa Kongo (DRC), kwa mfano, wako kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya kupita viwanjani katika nchi za Schengen. Mwenye viza halali ya Marekani kwa kawaida anasamehewa, lakini sheria hizi hubadilika, na anayekukatalia kupanda ni mfanyakazi wa kaunta usiku huo, sio ubalozi. Uliza kabla ya kulipa.

Na kama New York sio mwisho, unaendelea Minneapolis, Dallas au Columbus, kumbuka kwamba ukiingia Marekani, uwanja wa kwanza ndio wa uhamiaji. Unapanga foleni ya pasipoti, unachukua mabegi yako mwenyewe hata kama yameandikiwa mji wa mbele, unapita forodha, unayakabidhi tena, unakaguliwa upya. Masaa 2 ya kuunganisha yanaweza kuisha kabla hujaona begi. Masaa 3 hadi 4 ni salama zaidi. Kama tiketi mbili umezinunua mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei wala haikudai radhi. Hasara ni yako.

Masaa 15 kwenye kiti

Kitu kizuri kwa watu wa bara: ndani ya Dreamliner hewa imewekwa kama mtu aliye mita 1,800 hivi juu ya bahari. Hiyo ni karibu sawa na Nairobi yenyewe. Ndege nyingi za zamani huwekwa kama mita 2,400. Mkazi wa Nairobi hatahisi kitu, wa Mombasa anaweza kuhisi kichwa kizito. Hewa ni kavu, kwa hiyo maji ni muhimu kuliko soda na bia.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007 kwamba kukaa bila kusogea zaidi ya masaa 4 huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Hatari bado ni ndogo, takribani mtu 1 kati ya 6,000, lakini masaa 15 ni karibu mara nne ya hayo manne. Inuka, tembea hadi mkiani na kurudi, chezesha vifundo vya miguu. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kupata tatizo hilo, amwone daktari kwanza.

Anayetumia dawa kila baada ya masaa 12 pia azungumze na daktari kabla. Akifuata saa ya ukutani ya New York siku ya kwanza, atajikuta amekaa masaa 20 bila dawa. Na dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kwa wanaokwenda kupokea mgeni JFK: ndege kutua 06:25 haimaanishi mtu ametoka nje 06:25. Uhamiaji na mizigo huchukua lisaa hadi mawili, na ndege kadhaa zikitua pamoja, zaidi. Namba ya ndege ukiiandika Google, utaona iko wapi angani na inatua lini. Iangalie kabla ya kuwasha gari, maana kwenye upepo mbaya wa Januari zile 15 zinaweza kupita.